Nimechora dainosa wiki tatu, mtu anashusha kioo cha gari ananiuliza "Huyu si kuku?"

Brashi Namba Mbili (mleta mada)

Wakuu, leo sisalimii mtu. Salamu nitazitoa nikishapoa.

Sitaji jina. Wa Njiro mnamjua, wa Kijenge mnamjua, hata wa Moshi mliowahi kuleta watoto kwenye ile bustani yake ya mabembea mnamjua. Yule mama wa miwani mikubwa kama vioo vya pembeni vya fuso, anayeongea na wewe huku ameshaanza kuondoka. Huyo huyo.

Alinitafuta mwenyewe. "Mwanangu, nataka ukuta wote uwe dainosa, watoto wapigie picha." Tukaelewana laki nne na nusu, akatoa laki moja ya rangi. Nikajisemea hapa siweki yale makenge ya kijani ya kwenye mabegi ya shule, watoto wa Arusha nitawapa wanyama wa kwao. Nikamchora mjusi wa Tendaguru kule Lindi, yule dainosa mkubwa, shingo imemaliza ukuta ikabidi nimalizie kichwa kwenye tenki la maji. Nikamweka Kentrosaurus, wa huko huko Tendaguru, na miiba yake kuanzia mgongoni hadi ncha ya mkia. Halafu chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto, nikamweka Nyasasaurus.

Hapo ndipo nilipoacha roho yangu. Huyo mnyama mifupa yake iliokotwa upande wa Ziwa Nyasa miaka ya 1930, ikaja kupewa jina rasmi 2013. Ni wa miaka kama milioni 243 iliyopita, na wataalamu wanasema huenda ndiye dainosa mkongwe kuliko wote, au basi binamu yao wa karibu sana. Na mnajua kilichopatikana? Mfupa wa mkono na pingili chache za uti wa mgongo. Basi. Kichwa hakuna, ngozi ndiyo usiulize. Kilichobaki chote ni mchoraji kuwaza. Nikawaza! Nikaenda hadi kuangalia vifaranga vya mbuni, jinsi vinyoya vya mgongoni vinavyosimama kama nyasi kavu na shingo ina mistari. Nikavipiga kimoja kimoja kwa brashi namba mbili, siku nne, magoti kwenye kokoto, baridi ya Julai mnaijua.

Leo akaja kukagua. Hakushuka. Alishusha KIOO. Mjusi mzima wa Lindi yuko pale, hakumwangalia. Miiba ya Kentrosaurus hakuiona. Akanyoosha kidole chini, akauliza kwa sauti ya mnadani:

"Huyu si kuku?"

Muuza juisi ya miwa akazima mashine ili asikie vizuri.

Kuku, wakuu. KUKU. Miaka milioni 243 haijafika hata dakika imekuwa kuku. Halafu akatoa kopo la chakula la mwanawe, lina T. rex wa kijani anacheka, akanionyesha dirishani kama trafiki anavyokuonyesha leseni iliyoisha. "Dainosa ni hii. Toa manyoya, ongeza meno." T. rex ni wa Amerika Kaskazini! Hajawahi kukanyaga Lindi! Tena kati ya T. rex na mjusi wa Tendaguru imepita miaka zaidi ya milioni 80, yaani T. rex yuko karibu na huyo mama na kopo lake kuliko alivyo karibu na mjusi wangu.

Na yule wa miwa alizima mashine. Mashine ambayo haijawahi kuzimwa hata msiba ukipita. Bodaboda wa pale kona sasa hivi wananiita Baba Kuku, kuna mmoja akiniona anawika. Laki tatu na nusu yangu nitapewa "ukishaleta dainosa".

Mniambie, huyu mtu ni wa kufanywa nini?

Chalii wa Sakina

Nimevuta kiti. Nani ana karanga?

Mama Wawili Kijenge

Pole mdogo wangu. Huyo mama namjua. Watoto wangu walibembea robo saa, akanitoza na muda wa kusubiri foleni.

Meku Kibosho

Uzi bila picha ni chai. Weka picha tuhukumu.

Brashi Namba Mbili

@Meku Kibosho picha hiyo hapo. Angalia vinyoya vya shingoni.

Meku Kibosho

Mkuu, nimekuja kwa moyo safi kabisa kukutetea. Lakini huyu ni kuku.

Chalii wa Sakina

Hahahaha nimemwaga chai kwenye kompyuta ya ofisi. Tena ni mtetea. Ana lile jicho la kuuliza nani kagusa mayai.

Brashi Namba Mbili

Sasa nyie mna tofauti gani na yule aliyezima mashine ya miwa?

Jiwe Linasema

Tumwache mwenzetu apumue. Kwanza manyoya si uzushi. 1996 huko China walitangaza dainosa anaitwa Sinosauropteryx, vinyoya vyake vimeonekana kabisa kwenye jiwe, na 2010 wakasoma hadi rangi: mkia ulikuwa na mistari, wekundu wa kutu na weupe. Kwa Nyasasaurus hakuna ushahidi wa manyoya, ila hakuna wa kuyakataa pia, kwa hiyo mchoraji ana haki yake. Na wachoraji kukosea ni kawaida. 1854 pale London walisimamisha sanamu za dainosa Iguanodon wana pembe puani, baadaye Ubelgiji ikapatikana mifupa yao mizima mizima, kumbe ile pembe ni kidole gumba. Sanamu zipo hadi leo na watu wanazipenda.

Ila mkuu usikasirike. Ndege wanatokana na dainosa. Kitaalamu kuku NI dainosa. Mama hakukosea sana, labda alikosea mpangilio tu.

Brashi Namba Mbili

Ulianza vizuri sana. Nikaamini nimepata ndugu. Sasa na wewe nenda ukazime mashine.

Mama Wawili Kijenge

Kwa hiyo Jumapili tunakula dainosa na ndizi?

Meku Kibosho

Moshi tumeanza zamani. Tunamweka kwenye mtori.

Hiace Haina Breki

Mleta mada una bahati umeambiwa kuku. Mimi nilichora Mlima Kilimanjaro nyuma ya gari ya Moshi-Arusha, siku mbili, theluji nimeiweka kwa sponji. Mwenye gari akaja akasema, "Kichuguu kizuri, lakini kwa nini umekimwagia unga?" Nikalipwa nusu na chipsi.

Meku Kibosho

Uliuchora ukiwa upande wa Arusha, ndiyo maana. Mlima unachorwa ukiwa Moshi.

Chalii wa Sakina

Moshi wenyewe mnauona saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu wingu. Mnachora mnachokumbuka. Nyie ndio mabingwa wa kuwaza.

Meku Kibosho

Na Arusha mna nini? Vumbi na foleni ya Sakina.

Bibi Cherehani

Hamjaonja dharau. Nilimshonea mtu gauni la sendoff, shanga za mkono, akalivaa mbele ya kioo akauliza, "Dada, pazia la dirishani lilibaki?" Naye mnamjua, yupo humu, anasoma.

Pazia Sio Mimi

Gauni lilikuwa na pete za kupitishia bomba. Nashukuru.

Jiwe Linasema

Turudi kwenye mada basi. Mkuu, kama anataka mvuto wa biashara, futa kuku

Jiwe Linasema

samahani, futa Nyasasaurus umchoree Mnyamawamtuka. Ndilo jina lake kamili kisayansi, Mnyamawamtuka moyowamkia, la 2019, amepatikana kusini magharibi ya nchi karibu na mto Mtuka. Mifupa ya mkia ina umbo la moyo. Wapenzi watapigia picha hapo mwaka mzima.

Hiace Haina Breki

Moyo kwenye mkia? Nimeshawahi kuchumbia wa hivyo.

Lindi Damu

Mnagombania ukuta wa Njiro wakati mjusi mwenyewe yuko Berlin. Wajerumani walichimba kwetu kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa na babu zetu vichwani hadi bandarini Lindi, leo amesimama zaidi ya mita 13 watu wanalipa kiingilio kumwona. Wabunge wameshauliza weee. Arudi nyumbani.

Chalii wa Sakina

Akirudi awekwe Arusha, watalii wapo huku.

Lindi Damu

Kila kitu Arusha, kila kitu Arusha! Twiga mnao, mlima mmeupora Moshi, sasa na mjusi?

Meku Kibosho

Lindi umeongea. Hapo kwenye mlima nakuunga mkono mia kwa mia.

Mama Wawili Kijenge

Mimi niko tayari akae hata kwangu, ila simlishi.

Brashi Namba Mbili

Jamani laki tatu na nusu yangu…

Bibi Cherehani

Na pete za bomba aliniletea yeye mwenyewe. Ninazo meseji.

Pazia Sio Mimi

Ziweke.

Chalii wa Sakina

Ziweke ziweke. Karanga zimeisha, naomba bisi.

Mfugaji Usa River

Samahani wakuu, nimefungua uzi nikaona mnaongelea kuku. Ninao broila wa wiki tano, mia mbili, wako tayari. Jumla na rejareja, nafikisha hadi Tengeru.

Brashi Namba Mbili

Unauzaje mmoja?