Waliochanga lakini hawakuja kikaoni: wana haki ya kupiga kura baadaye?

Mama Daftari: Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, usingizi umenikimbia. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake. Si kikundi cha kukopeshana. Tunachanga kiasi sawa, wanachama wanaleta mapendekezo, tunapiga kura ya siri, na fungu lote linakwenda kwenye hitaji moja la jamii. Safari hii mchuano ulikuwa kati ya taa za sola kwa wodi ya wazazi na paa la kituo cha kulelea wazee. Wodi imepata kura 19, wazee 17. Ila kuna wenzetu watatu walishachanga na hawakuja, walikuwa na udhuru. Wote wanataka wazee. Si haki nao wahesabiwe? Hela bado ninayo.

Nahodha Mstaafu: Katiba yenu inasemaje?

Mama Daftari: Inasema kura ya siri, mwenye nyingi ameshinda. Wasiohudhuria haikuwataja. Na waliopigia wodi wengi ni wanachama wapya, hata kituo hawakijui.

Binti Mfinyanzi: Mtindo wenu umeenea sana Marekani. Mwaka 2006, mjini Jackson, Michigan, mama mmoja aitwaye Karen Dunigan aliita wanawake wenzake wakutane saa moja tu, kila mmoja atoe dola 100. Vikundi vingi vimeiga tangu hapo. Ninachokipenda ni kwamba kila mwanachama anaandika hundi yake moja kwa moja kwa aliyeshinda, hakuna mtu wa kulala na hela za wenzake chini ya mto. Na utaratibu wa kawaida ni kwamba asiyekuja anaweza kutuma mchango, lakini kura hana, kwa sababu hakusikia hoja zikitetewa. Nyie hela inapitia kwa nani?

Mama Daftari: Kwangu. Ndiyo kazi ya mweka hazina.

Shangazi wa Wote: Mimi niseme la kwangu. Kikundi chetu kiliwahi kununulia hospitali mashine kubwa ya kufulia mashuka. Tulipeleka kwa vigelegele, tukapiga picha. Kumbe maji ya pale yanatoka kama machozi! Mashine ikakaa koridoni, wakaigeuza meza ya mafaili. Tangu siku hiyo hatutoi kitu kabla ya kukaa na yule atakayekitumia. Hiyo wodi mliongea na nani, au mlisikia tu?

Mama Daftari: Mkunga alikuja mwenyewe. Alisema umeme ukikatika usiku anamshona mzazi huku simu yenye tochi ameibana kwa meno, mikono yote miwili ina kazi. Sikatai kuwa ni hitaji. Ila taa zinaweza kusubiri awamu ijayo, mvua haisubiri.

Kobe Mpole: Na mtoto anayekuja saa nane usiku naye asubiri awamu ijayo?

Nahodha Mstaafu: Mleta mada, hao watatu umejuaje wanataka wazee? Na wewe hicho kituo kinakuhusu nini?

Kobe Mpole: Naona kimya.

Mama Daftari: Nilikuwa na shughuli. Hao watatu niliwapigia simu. Kuhusu kituo, kinaendeshwa na mdogo wangu, tumbo moja. Lakini halipwi chochote, na wale wazee si wa ukoo wetu. Kuna bibi mvua ikinyesha wanamhamisha na kitanda chake. Kwa kuwa nina undugu, ndiyo niwanyime?

Nahodha Mstaafu: Wanachama wanajua ni mdogo wako?

Mama Daftari: Wanaojua wanajua. Hakuna aliyeuliza. Na tayari fundi ameanza kupandisha mbao, maana nilimwambia mdogo wangu hela inakuja. Mngeona lile paa msingenihukumu.

Mja wa Mola: Dada, mali ya wengi ni amana. Wenzio wamejinyima wakatoa wakiamini kura yao itaheshimiwa. Huruma yako nzuri, itoe kwenye mfuko wako.

Chujio: Wakuu, hii ni chai. Kura ya siri, lakini mleta mada anajua waliopigia wodi ni wanachama wapya. Hela "bado ninayo", lakini fundi yuko juu ya paa. Mtu kakaa anatunga, tunampa ushauri bure.

Pilipili Kichaa: Hata mimi nilinusa. Kura 19 kwa 17, halafu watatu wanatokea wakiwa sawasawa na pengo linalohitajika!

Mama Daftari: Sijatunga kitu. Fundi anafanya kwa mkopo, sijatoa hata senti. Muda wa ukumbi uliisha, karatasi nikaenda kuzihesabia nyumbani. Miandiko yao naijua, wote wananisainia daftari la michango.

Chujio: Umezihesabu peke yako?

Mama Daftari: Peke yangu. Ningekuwa mwizi si ningetangaza wazee wameshinda? Nilitangaza wodi.

Binti Mfinyanzi: Hapo nakuamini, dada yangu, na usizitupe hizo karatasi. Zipeleke kikaoni, wahesabu wawili wasio na undugu na upande wowote, mbele ya watu. Useme kwa mdomo wako kwamba kituo ni cha mdogo wako. Mwakani aombe tena kama wengine, na wewe siku hiyo usiguse sanduku. Deni la fundi mtafute njia nyingine, liko nje ya kura.

Mama Daftari: Mwakani paa litakuwa limeshaanguka.

Shangazi wa Wote: Itisheni mchango wa pembeni, wa hiari. Hao watatu uliowapigia wawe wa kwanza. Mimi nitakuunga mkono, nitumie ujumbe faragha.

Nahodha Mstaafu: Swali la mwisho. Mkunga ameshaambiwa?

Mama Daftari: Ameambiwa. Alinipigia kushukuru, ameshampata na fundi wa sola.

Nahodha Mstaafu: Unasubiri nini kutuma?

Mama Daftari: Kikao ni Jumamosi. Nitaenda na karatasi. La mdogo wangu bado sijajua nitaanzia wapi.