Duka la vitabu la Majengo lafungwa

Khalati Maryam: Assalaam alaykum nyote. Nimepita Majengo leo. Lile duka la vitabu limebandikwa karatasi mlangoni, mwisho Jumamosi. Rafu nusu zi tupu.

Rehema: Yaani pale niliponunuliwa kamusi??

Khalati Maryam: Papo hapo. Mamako aliilipa kwa mafungu matatu, na mzee mwenye duka alikuachia uende nayo siku ile ile ya kwanza.

Ali: Simu hizi ndizo zimeua vitabu.

Ami Hamisi: La, mwanangu. Nimebeba maboksi pale miaka mingi, nakwambia nilichokiona. Duka lile halikuishi kwa hadithi, liliishi kwa Januari. Elimu ya bure ilipoanza hapa Kenya 2003, pesa za vitabu zilipelekwa shuleni na walimu wakuu wakija kununua kwetu. Januari ndiyo iliyolipa kodi ya mwaka, ndiyo iliyotuwezesha kuweka riwaya na diwani zinazokaa miaka miwili zikingoja mtu wake. 2013 ikaja kodi ya VAT ya 16% kwa vitabu, kitabu cha shilingi 500 kikawa 580. Tukavumilia. 2018 serikali ikaanza kununua kwa wachapishaji wenyewe na kupeleka mpaka shuleni. Januari ile tulikaa mlangoni tukitazama malori yakipita.

Mwalimu Zuhura: Ami, shikamoo. Mimi nilikuwa darasani. Kabla ya malori hayo watoto wanne walikuwa wakivutana kitabu kimoja, na pesa nyingine ziliishia mifukoni mwa watu. Siwezi kutamani turudi kule.

Ami Hamisi: Marahaba mwanangu. Wala sisemi turudi. Nasema wangevipitishia madukani. Cha shule kimemfikia mtoto, sawa. Cha kujisomea atakitoa wapi?

Mwalimu Zuhura: Hapo umenigusa. Juzi niliuliza darasani nani ana kitabu cha hadithi nyumbani. Mikono mitatu, katika watoto hamsini na wawili.

Khalati Maryam: Mimi sikusoma. Nikimngoja Rehema pale mzee akinisomea tenzi, na mpaka leo nazijua kwa moyo.

Rehema: Khalati sikulijua hilo 😢

Ali: Jumamosi naja na tuktuk. Tuchange, vilivyobaki vya watoto tumpelekee Zuhura darasani.

Ami Hamisi: Viko rafu ya chini, mkono wa kushoto. Njooni kabla ya adhuhuri.