Naomba ushauri: programu ya bure ya kupanga picha na kucheza video kwenye Linux

MtotoWaUmoja: Hamjambo ndugu zangu. Juzi niliweka Ubuntu, aina ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye laptopu na huku mimi ni mgeni kabisa. Natafuta programu ya bure ya kupanga picha za familia, ni nyingi mno, na nyingine ya kucheza video. Wengine wanasema Shotwell, wengine digiKam. Ipi inaweza kupanga hata picha zilizopoteza majina? Nijibuni haraka tafadhali, nina siku tisa tu.

FundiWaPengwini: digiKam. Hupanga kwa tarehe ambayo kamera iliiandika ndani ya picha, kwa hiyo jina la faili si hoja. Hutafuta picha zilizojirudia. Hutambua sura pia: ukiionyesha shangazi yako mara kadhaa, inaanza kumtafuta yenyewe. Ingia kwenye mipangilio uiruhusu iandike lebo ndani ya picha zenyewe, siyo kwenye hifadhidata yake pekee, ndiyo siku ukihama lebo zihame nawe. Shotwell ni nyepesi, na ukihariri picha haiigusi ile ya asili, ila haina mengi.

Mama_Kasarani: Mimi nilizoea Picasa, programu ya picha ya Google. Ilipoachwa mwaka 2016 nilihisi nimefukuzwa nyumbani. Picha za watoto tangu wakiwa chekechea, zote nilikuwa nimezipanga humo. Kijana wa jirani ndiye aliyenionyesha Shotwell, na mpaka leo sijaiacha.

RumbaYaBaba: Kwa video weka VLC. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996, na hadi leo ni bure, haina matangazo. Lakini mbona hakuna anayetaja muziki? Wekeni Strawberry. Marehemu baba aliacha kanda za rumba, nikazirekodi moja moja, Pasaka nzima nikawa narekebisha majina ya wasanii. Sasa nikitafuta wimbo naupata papo hapo.

BiMkubwa_Eastleigh: Mwanangu, siku tisa za nini? Na picha hupotezaje majina?

MtotoWaUmoja: Ni mambo ya kifamilia tu, shangazi. Nisaidieni na programu.

FundiWaPengwini: Hebu niambie, majina ya sasa yanaanza na herufi f kisha tarakimu nyingi? Na ziko kwenye folda zinazoitwa recup_dir?

MtotoWaUmoja: Ndiyo.

Sawa, nitasema. Laptopu ni ya dada yangu. Ilikuwa nzito, nikataka kumfanyia wema. Wakati wa kuweka Ubuntu nilichagua kufuta diski yote, nikidhani inafuta Windows peke yake. Humo mlikuwa na picha zote za nyanya, aliyetuacha mwezi wa nne. Ukumbusho ni Jumamosi ya wiki ijayo na dada ameahidi kuzionyesha kwenye skrini. Hajui lolote. Nimetumia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, nimepata picha 1,900, ndiyo maana nauliza za kupanga.

BiMkubwa_Eastleigh: Mwambie leo. Usingoje ajue siku ya ukumbusho mbele ya wazee.

FundiWaPengwini: Pole sana. Unazihifadhi wapi hizo 1,900? Na diski ni SSD, ile ya chipu, au ile ya kuzunguka?

MtotoWaUmoja: Ya kuzunguka. Nazihifadhi kwenye Desktop.

FundiWaPengwini: Simamisha sasa hivi. Kila picha unayoiokoa inaweza kuandikwa juu ya nyingine ambayo bado haijaokolewa. Zima laptopu. Iwashe kwa ile flashi uliyowekea Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuiweka, kisha uendeshe PhotoRec ukihifadhi kwenye diski ya nje. Bahati yako si SSD, huko huenda usingebakiza kitu.

MtotoWaUmoja: Kaka, nimefika zaidi ya nusu, siwezi kuanza upya. Diski ya nje sina pesa ya kununua. Na si kwamba napoteza: hata folda ya Nyanya Murang'a nimeipata, video 14, ila zimeharibika, hazifunguki. Hizo nazifuta leo nipate nafasi.

Jicho_Kariokor: Wadau, tusimame hapo. PhotoRec hairudishi majina ya folda, mwenyewe amekiri faili zake zinaanza na f. Hiyo folda yenye jina imetoka wapi? Hadithi hii imetungwa. Nyanya amefariki, diski hana, kinachofuata ni kuomba atumiwe pesa.

RumbaYaBaba: Kweli, hata mimi nimeshtuka.

MtotoWaUmoja: Sijaomba hata shilingi. Nyanya yangu sitamtungia uongo. Folda hiyo sikuitoa kwenye laptopu. Iko kwenye kadi ya simu ya zamani ya dada, GB 64, niliyoichomeka nipate pa kuhifadhi. Nikibofya video, kichezaji kilichokuja na Ubuntu kinagoma.

FundiWaPengwini: USIFUTE KITU KWENYE HIYO KADI. Kichezaji kugoma si kuharibika. Simu nyingi hurekodi kwa H.265, namna ya kubana video, na Ubuntu mpya mara nyingi haina kodeki yake, yaani programu ndogo ya kuifungua. VLC huja na zake. Ichomoe kadi, ipeleke kwenye kompyuta nyingine yenye VLC, utazame bila kuandika chochote.

Jicho_Kariokor: Kama ni hivyo, niwie radhi. Nina diski ya TB 1 siitumii. Nitumie ujumbe, tuonane mjini kesho uiazime.

MtotoWaUmoja: Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Zote 14 zimefunguka. Ya tatu nyanya yuko jikoni anamfokea paka, kisha anageuka anauliza kama simu inamrekodi. Nimemtumia dada hiyo moja. Ameiona. Anapiga simu.