Wasanii mnaodhani PR ni kiki tu, leo nawachana

Wakuu salama? Naandika nikiwa na hasira, atakayekuta maneno makali avumilie au apite tu.

Nina kaofisi ka PR, yaani kazi ya kulinda jina la msanii kwa waandishi na umma, tunashughulika na wanamuziki na waigizaji, na kinachoniua sio kazi, ni mtu kukuuliza mwisho wa mwezi "sasa nakulipa ya nini mbona sijaona chochote". Kutoona chochote ndo kazi yenyewe bwana! Ile skendo yako mwandishi alikuwa na picha mkononi, nimekesha na simu nambembeleza, nikampa stori nyingine ya maana ndo akaiacha yako, wewe asubuhi unaamka unapiga selfi, halafu invoisi yangu inabaki na tiki mbili za bluu hadi leo.

Ya juzi sasa ndo imenivuruga kabisa. Tumempa mwandishi mmoja kava la albamu na mahojiano peke yake, tukakubaliana embago, yaani hakuna kutoa chochote, mpaka Ijumaa asubuhi. Alhamisi usiku msanii wangu yuko laivu na machawa wake, kashika kava mbele ya kamera anasoma majina ya nyimbo moja moja huku wanashangilia. Mwandishi kanitumia skrinishoti, hakuandika hata neno. Sasa hiyo namba nikiipigia kesho na msanii mwingine kabisa, asiyehusika hata kidogo, nani atapokea? Mimi nakula kwa kuaminiwa na hao watu, na wewe umekwenda kuuchoma uaminifu wote kwa ajili ya komenti za moto moto!!

Halafu PR sio tangazo jamani. Tangazo unalipa linatoka ulivyolitaka, habari anaamua mhariri. Meneja anakata asilimia yake, mara nyingi 15 hadi 20, kwa hiyo shoo ikiingia wote mnamuona wa maana, mimi nalipwa kwa mwezi basi hela ikikaza kidogo wa kwanza kupigwa chini ni mimi (na skendo inakuja wiki hiyo hiyo, sijui kwa nini).

Na hii ya msanii akiandikwa vibaya anasema "nitawashtaki waifute". Mwaka 2003 Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji mkubwa wa Marekani, alikwenda mahakamani kisa picha ya nyumba yake ufukweni California. Kabla ya kesi ilikuwa imepakuliwa mara 6, na 2 kati ya hizo ni mawakili wake mwenyewe. Habari ilipotoka watu zaidi ya laki 4 wakaingia kuiangalia ndani ya mwezi, na kesi akashindwa. Nimemuonyesha mteja, kanijibu "huyo mimi simjui".

Kuanzia sasa hela kwanza, na mkatabani naweka kifungu cha laivu, ukivunja embago unalipa faini. Wenye ofisi kama yangu, chenu mmekiandikaje hadi wakili wa msanii asikipangue? Na machawa mnaokuja kuniambia "msanii ndo bosi", msijisumbue.