Naomba ushauri: nipunguzeje vitu nyumbani bila kupoteza vinavyohitajika?

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninaishi katika mji wa kale wa Lamu, ndani ya nyumba ya mawe ambayo zidaka zake, zilizochongwa ukutani ili kupambwa kwa vyombo vya kauri, sasa zimejaa chupa tupu, chaja mbovu na risiti za miaka mingi.

Juma lililopita niliazimia kusafisha. Kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, nilimwita kijana mwenye punda achukue magunia manne ya taka. Lakini gunia la tano, lenye kanzu za mume wangu zilizokwisha kupigwa pasi kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, nililiacha kando ya mlango, naye akalipakia pia. Niliwakimbilia nikiwa na ndara za msalani, na nilipowafikia karibu na ufukwe, mkono wa kanzu moja ulikuwa kinywani mwa punda wa pili aliyefuata nyuma.

Linalonisumbua zaidi ni mama mkwe wangu, ambaye ninampenda na kumheshimu sana. Kila ninachokitoa hukirudisha ndani, hata mbuzi ya kukunia nazi isiyo na meno, akisema kuwa itatengenezwa. Vitu vinarundikana, na unyevu wa bahari unavitia ukungu.

Je, nizungumze naye vipi bila kumvunja moyo? Na magunia ya kubaki mnayatiaje alama?