Kukata kidole cha plagi kunaongeza nguvu ya pikipiki au tunadanganyana?

Mleta mada:
Wakuu, kila nikikaa na wenye pikipiki lazima atokee mtu aseme "kata plagi uone moto". Wengine wanakata kile kidole kilichopinda juu kiishie nusu ya ncha ya kati, wengine wanapiga tupa wanachonga V, wengine wanapanua gepu (ile nafasi kati ya kidole na ncha ya kati) kwa bisibisi, afu kuna wale wanatoa na washa kabisa (kile kiringi cha chuma cha kukalia plagi) eti plagi iingie ndani ikachome vizuri. Wote wanasema chombo kinavuta kama kipya. Mimi nasema hakivuti, na kama kinavuta basi sio kwa sababu ya tupa.

Nguvu inatoka kwenye hewa na mafuta, plagi kazi yake kuwasha tu. Chukua injini ya cc 125, silinda ikijaa inaingiza hewa kama gramu 0.15 na petroli kama gramu 0.01, hiyo petroli ikiungua inatoa joto la jouli 400 hivi kila mlipuko. Cheche yenyewe haifiki hata jouli moja, ni vijisehemu tu. Sasa hata ukiifanya mara mbili umeongeza nini? Jiko likishawaka, uliwashe kwa njiti kubwa au ndogo, maji yatachemka saa ileile.

Mzee wa Spana:
Mleta mada hayo ni ya kwenye karatasi. Mimi nimekata plagi za tustroki (injini za mapigo mawili) miaka na miaka, pikipiki ilikuwa ukiiacha inanguruma inazimazima, nikikata inatulia tuli. Kidole kinaukinga moto ukiwa bado mchanga, ukikipunguza unapata njia. Au na hilo unabisha?

Mleta mada:
Hilo sibishi mkuu, kidole kweli kinaukinga na kinanyonya joto lake, ndo maana hata viwandani wanatengeneza plagi za ncha nyembamba za metali ya iridiamu. Ila iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, nikeli ya plagi za kawaida 1,455 tu, kwahiyo wao wanaweza kuifanya nyembamba na ikadumu. Wewe umechonga nikeli ikawa na kona kali, cheche inapenda kona kali, siku za mwanzo inaruka kirahisi kweli, afu kona inaliwa unarudi ulikotoka. Na injini iliyokuwa inamisi (inaruka milipuko) ukaitibu, umerudisha nguvu iliyokuwa inapotea, hujaongeza kitu juu ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndo ubishi wangu wote uko hapo.

Kiki Moja:
Mi nilichongewa na fundi, kidole kikabaki kama waya, siku moja nikasikia kaa kaa kaa ndani injini ikafa. Kilikatika kikaingia kwenye silinda, pistoni ikachimbika na valvu ikapinda. Fundi anasema eti mafuta yalikuwa mabaya 😂

Dogo Kabureta:
Pole kaka. Na kupanua gepu je? Mbona ukiitoa plagi ukaigusisha kwenye hedi (kichwa cha injini) na kupiga kiki unaona cheche ndefu ya bluu?

Mleta mada:
Hapo unaiona kwenye hewa ya wazi dogo. Ndani ya silinda hewa imebanwa, cheche inaruka kwa shida zaidi, na gepu likiwa pana volti inayotakiwa inapanda. Pikipiki ndogo nyingi gepu lake ni milimita 0.6 hadi 0.7, nyingine 0.8 hadi 0.9, kitabu chake kinasema. Ukizidisha itawaka vizuri ukiwa umepaki, ukipanda mlima na mzigo ukafungua moto wote inaanza kumisi, na koili inayozalisha umeme wa cheche ndo inaumia kimyakimya.

Na nyie wa kutoa washa jamani acheni, joto la plagi linapitia kwenye nyuzi zake za kufungia na hiyo washa kwenda kwenye hedi. Ncha inatakiwa ikae kwenye joto la kama nyuzi 450 hadi 850, ikiwa chini ya hapo inashika masizi, ikizidi inawasha mafuta kabla ya wakati na pistoni inatoboka. Mngehangaika na namba ya plagi (inayoonyesha inavyotoa joto haraka au polepole) kuliko tupa. Hata hiyo namba watu wanaikosea, maana kwa plagi za kampuni ya NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi, yaani inatoa joto haraka, za Bosch ni kinyume.

Hizo V nazo sio mpya. Marekani miaka ya 90 ziliuzwa zikiwa zimechanwa kabisa kiwandani, matangazo yanasema zinaongeza nguvu na kubana mafuta, mwaka 1997 tume yao ya biashara ikawabana waache kudai hayo bila ushahidi.

Mzee wa Spana:
Sasa mimi nilichokihisi kwenye mkono wa moto (ule wa kuongeza mafuta) ni uchawi?

Mleta mada:
Hapana mkuu, ila ulitoa plagi chafu yenye gepu lililolika, ukaisugua, ukaikata, ukairudisha. Umebadilisha vitu vitatu ukamsifu mmoja. Chukua mbili mpya namba moja, kata moja, gepu sawa, mtu akufungie bila kukwambia ipi ni ipi, uendeshe njia ileile mara kadhaa afu useme.

Mzee wa Spana:
Nakubali. Ila anayefunga asiwe wewe, na ya kukata naikata mimi mwenyewe.