Naomba ushauri: mume akinyamaza, mke anazidi kumfuata

Habari zenu ndugu. Mimi ni mshauri nasaha, napokea wanandoa hapa Morogoro. Kuna hali naiona mara kwa mara, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mke analalamika, mathalani pesa ya ada imetumika bila yeye kuambiwa. Mume kimya. Mke anapandisha sauti apate jibu, mume anachukua simu yake na kwenda kukaa barazani mpaka watoto walale. Asubuhi wanaongea habari za mkate na nauli tu. Watu husema mwanaume huyo ana dharau. Siamini hivyo kwa kila mmoja. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, aliona kwamba anayenyamaza mara nyingi moyo unamwenda mbio, hawezi kusikiliza wala kujibu vizuri. Anashauri wapumzike angalau dakika 20, kisha warudi kwenye mazungumzo.

Hapo kwenye kurudi ndipo tunapokwama. Mume akishapoa anaona yameisha. Mke bado analo moyoni. Huwa nawaambia anayetoka ndiye ataje saa ya kurudi. Wengine imewasaidia, wengine wapi!

Mliofanikiwa, mlianzaje tena mazungumzo bila ugomvi kuzuka upya? Nani alianza, na kwa maneno gani? Je, kumhusisha mshenga au shangazi kulisaidia au kuliharibu zaidi? Wanaume hasa, naomba mseme.